Live Killers ya Queen: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ninapoitaja albamu hii, maswali yanayonijia ni yale yale, na mengi ni mazuri kuliko majibu ya harakaharaka niliyokuwa nikitoa. Hapa nimeyajibu kwa nafasi. Mimi ni mtu wa Unguja na Live Killers naipenda sana, kasoro zake nikizijua.

Live Killers ni nini hasa?

Ni albamu ya jukwaani ya bendi ya Queen ya Uingereza, iliyotoka Juni 1979 ikiwa na santuri mbili ndani ya jalada moja. Ina nyimbo 22 na inakaribia dakika 90. Ilirekodiwa mbele ya watu kati ya Januari na Machi mwaka huo, bendi ikiwa katika ziara ya kuinadi albamu yao ya Jazz. Ndiyo albamu yao ya kwanza ya jukwaani. Kabla yake walikuwa na saba za studio, kuanzia ile ya 1973 iliyobeba jina la bendi mpaka hiyo Jazz ya Novemba 1978. Uingereza ilifika namba 3 kwenye chati, Marekani namba 16.

Waliopanda jukwaani walikuwa wanne tu: Freddie Mercury kwenye sauti na piano, Brian May kwenye gitaa, John Deacon kwenye besi, Roger Taylor kwenye ngoma. Ishike hiyo hesabu ya watu wanne, maana nitairudia.

Ilirekodiwa katika mji gani?

Hakuna mji mmoja. Sehemu ya Ulaya ya ziara ile ilianzia Hamburg tarehe 17 Januari 1979, ikapita miji ya Ujerumani, Uholanzi, Ubelgiji, Yugoslavia ya wakati huo, Uswisi na Hispania, ikamalizikia Paris tarehe 1 Machi baada ya kupiga siku tatu mfululizo katika ukumbi wa Pavillon de Paris. Tepu zilikuwa zikizunguka njia nzima, kisha wakachagua. Jalada linasema Ulaya tu, bila kutaja wimbo upi ni wa wapi. Love of My Life inajulikana ni ya Frankfurt. Zipo pia nyimbo zilizoungwa kutoka usiku zaidi ya mmoja, ubeti wa huku na ubeti wa kule.

Jambo moja wengi hawaligundui: hakuna hata sekunde moja ya umati wa Uingereza humu. Safari ile haikupita kwao. Watu unaowasikia wakiimba ni Wajerumani, Wafaransa na majirani zao, wanaimba nyimbo za Kiingereza kwa moyo wote, na lafudhi zao unazisikia wazi ukitega sikio.

Siku hizo hakukuwa na kompyuta. Onesho lilirekodiwaje?

Sauti ya kila kipaza sauti na kila chombo iligawanywa mara mbili. Nusu ilikwenda kwenye spika za ukumbi, nusu nyingine ikapita kwenye nyaya ndefu hadi kwenye gari lililoegeshwa nje, ambalo ndani yake ni studio kamili. Humo kila chombo kilipewa mstari wake kwenye tepu pana: ngoma huku, besi kule, sauti ya Freddie peke yake. Vipaza sauti vingine vilielekezwa kwa watu ili umati nao upate mistari yake.

Kazi kubwa huja baadaye, kuchanganya mistari yote hiyo ili msikilizaji aone kama yuko ukumbini. Kazi hiyo Queen waliifanyia Mountain Studios, mjini Montreux, Uswisi, pembeni ya Ziwa Geneva, wakiwa na mhandisi wa sauti John Etchells. Studio ile waliipenda kiasi kwamba waliinunua. Leo mahali pale ni maonesho ya kumbukumbu yao, na ufukweni kuna sanamu ya Freddie iliyozinduliwa Novemba 1996, mkono mmoja juu, akiliangalia ziwa.

Mbona sauti yake ni kavu, hasa ukiilinganisha na albamu zao za studio?

Swali hili linaulizwa kuliko yote, na wanaouliza wana haki. Bendi iliizalisha albamu hii yenyewe, bila mzalishaji wao wa siku nyingi, Roy Thomas Baker. Ngoma ziko mbele na zina ukali. Gitaa mahali pengine linachubua. Sauti ya Freddie iko uchi, bila ule mwangwi wa kupendeza tuliouzoea. Wanabendi wenyewe walikuja kusema kwamba hawakuridhika na mchanganyiko ule.

Mimi nina maoni tofauti na yao. Queen wa studio walikuwa watu wa kujenga ghorofa: sauti juu ya sauti, gitaa juu ya gitaa, tabaka kwa tabaka hadi watu watatu wanaoimba wanasikika kama kwaya ya kanisa kubwa. Jukwaani ghorofa lile halisimami. Kuna koo tatu, kwa kuwa Deacon hakuwa mwimbaji, na kuna gitaa moja. Mchanganyiko mkavu unaliacha jambo hilo wazi, na ndipo unapoona jinsi walivyokuwa hodari. Sikiliza Now I'm Here. Gitaa linapotoka kwenye mdundo kwenda kwenye solo, chini yake panabaki besi na ngoma tu. Bendi nyingi hapo wimbo ungeporomoka. Deacon anaongeza noti mbili tatu, Taylor anafungua matoazi, na pengo linazibwa bila wewe kujua limezibwaje. Wangelipaka rangi nzuri studio, tungelikosa hilo.

Kwa hiyo ni wanne kweli? Hakuna mtu nyuma ya pazia?

Ni wanne. Wapiga vinanda wa ziada walianza kusafiri nao miaka ya 1980. Mwaka 1979 Freddie alikuwa akikaa kwenye piano, anainuka, anakimbia mpaka ukingo wa jukwaa, anarudi kukaa. Akiinuka, piano inanyamaza, na utaisikia ikinyamaza.

Vilevile walikuwa bado hawajaanza kutumia sintesaiza, kinanda cha umeme kinachotengeneza sauti za kila aina. Albamu zao za mwanzo zilikuwa na maandishi kwenye jalada yakijigamba kuwa chombo hicho hakikutumika. Sintesaiza ya kwanza iliingia kwenye albamu ya The Game ya 1980. Live Killers imesimama mlangoni kabisa mwa mabadiliko hayo: mwezi huohuo wa Juni 1979 ilipokuwa ikitoka, wao walikuwa Munich na mzalishaji mpya, Reinhold Mack, wakirekodi Crazy Little Thing Called Love.

Sehemu ya kwaya ndani ya Bohemian Rhapsody waliiimbaje jukwaani?

Hawakuiimba. Sehemu ile ya katikati ilijengwa studio mwaka 1975 kwa kurudia sauti za watu watatu mara nyingi mno, moja juu ya nyingine, na hakuna njia ya watu wanne kuibeba mbele ya hadhira. Wakakata shauri: inapofika, wanaondoka jukwaani, taa zinacheza peke yake, na tepu ya studio inapigwa. Kisha baruti zinalipuka, wanatokea tena wote na kuishika ile sehemu nzito ya gitaa kwa mikono yao.

Wapo wanaokiita kitendo hicho udanganyifu. Mimi nakiita heshima kwa msikilizaji. Wangeweza kusimama pale wakafungua vinywa juu ya tepu, hakuna ambaye angejua. Wao wakaondoka na kuliacha jukwaa tupu, kila mtu aone kwamba hii ni tepu. Kwenye santuri unaisikia tofauti waziwazi: ghafla sauti inakuwa safi na nyembamba, halafu bendi inarudi na chumba kinatikisika.

Kwa sikio la Mzanzibari kuna jambo la ziada. Neno "Bismillah" limo katika sehemu hiyo ya tepu. Lakini nyuma kidogo, kabla piano haijaanza, Freddie anaimba bila chombo chochote mwanzo wa wimbo wao mwingine, Mustapha, ulio kwenye Jazz, wenye maneno ya Kiarabu, mengine yenye ladha ya Kiajemi na mengine ya kubuni tu, na jina la Ibrahim likiitwa na kuitwa. Sauti inapanda na kushuka kwa namna ambayo mtoto yeyote aliyelala na kuamka Mji Mkongwe ameisikia kutoka kwenye mnara. Familia ya Freddie hawakuwa Waislamu, walikuwa Waparsi wafuasi wa Zoroasta, nabii wa kale wa Uajemi. Sauti ya mnara lakini haichagui dirisha la kuingia. Ukumbi wa Ulaya unashangilia. Kisha anaigeukia piano.

Freddie alikuwa mtu wa huku kweli?

Kweli kabisa. Alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat, India, na baba alikuwa karani wa fedha wa Mahakama Kuu ya serikali ya kikoloni. Akiwa na miaka minane alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, ambako alijifunza piano na kupiga na bendi ya shule iliyoitwa The Hectics. Alirudi Unguja mwaka 1963. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia ilihamia Feltham, nje kidogo ya London. Alifariki tarehe 24 Novemba 1991.

Nyumba ya Shangani inayohusishwa na familia yake ina makumbusho tangu 2019. Wageni hupiga picha mlangoni kila siku. Ninachotamani mimi ni vijana wetu wanaopita pale kila asubuhi wamsikilize, maana picha ya mlangoni haiimbi. Ndiyo sababu moja ya kuandika haya.

Queen waliwahi kupiga Zanzibar, au Nairobi, au Dar es Salaam?

Hapana. Hawakuwahi kupiga Afrika Mashariki. Barani Afrika walikwenda Sun City, katika eneo la Bophuthatswana ndani ya Afrika Kusini, mwaka 1984, wakati wa ubaguzi wa rangi, na walilaumiwa vikali kwa kuvunja mgomo wa kitamaduni uliokuwa umetangazwa. Lawama ile ilikuwa ya haki, na kuipenda bendi hakunizuii kusema hivyo.

Kwa nini kila mtu anaitaja Love of My Life ya humu?

Kwa sababu hapa umati unakuwa mwanabendi wa tano.

Toleo la studio, la 1975, ni wimbo wa piano na kinubi, laini, wa chumbani. Jukwaani wakaubadilisha wote: Brian May anakaa kwenye kiti na gitaa kavu, lisilo la umeme, la nyuzi kumi na mbili, Freddie anasimama pembeni yake, na wenzao wawili wanaondoka. Freddie anaanza mstari. Halafu ananyamaza. Watu wanaendelea bila yeye, maelfu, kwa utulivu, wakijua kila neno na kila mahali pa kuvuta pumzi. Gitaa linawafuata wao. Hakuna anayepiga kelele, na hilo kwenye ukumbi wa roki ni nadra kuliko unavyodhani.

Watu wa huku hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Aliyewahi kukaa kwenye taarabu anajua hali hiyo, pale mwimbaji anapoliacha neno la mwisho na ukumbi ukalidaka. Freddie alikuwa na kipaji cha kuacha nafasi. Waimbaji wengi wakubwa wanajua kujaza ukumbi kwa sauti yao. Yeye alijua pia ni wapi anyamaze, na kwa muda gani.

Wimbo huu ulitolewa pia kama santuri ndogo mwaka 1979. Uingereza haukufika mbali, uliishia namba 63. Lakini Argentina na Brazil uliwaka moto. Queen walipokwenda Amerika ya Kusini mwaka 1981 walikuta viwanja vizima vinauimba kwa Kiingereza, mwanzo hadi mwisho. Miaka minne baadaye, kwenye tamasha la Rock in Rio, ikawa hivyohivyo. Mbegu ya yote hayo imo katika santuri hii, upande wa pili.

Hizo "biip" zinazosikika kabla ya Death on Two Legs ni hitilafu?

Hapana, santuri yako haina kasoro. Wimbo ule ni wa matusi mazito aliyoandika Freddie dhidi ya meneja wao wa zamani. Jukwaani alikuwa akiutambulisha kwa maneno makali, na kwenye albamu maneno yakafunikwa kwa mlio ili kuepusha kesi. Mlio wenyewe, kwa maoni yangu, unaufanya utambulisho uwe mkali zaidi.

Hapo ndipo unaanza mfululizo wa nyimbo sita zilizounganishwa bila kupumua: Death on Two Legs, Killer Queen, Bicycle Race, I'm in Love with My Car anayoiimba Roger Taylor huku akipiga ngoma, Get Down, Make Love, na You're My Best Friend ya Deacon. Nyingine zimekatwa fupi, Bicycle Race ni dakika moja na nusu hivi. Anayetaka nyimbo kamili hapa atakasirika. Mimi nauchukua mfululizo huo kama wimbo mmoja mrefu wenye vyumba sita.

We Will Rock You inatokea mara mbili. Wamekosea?

Wamekusudia. Ya kwanza, inayofungua albamu, ni ya kasi, ya gitaa mbele kwa mbele, karibu huijui. Ya pili, mwishoni, ni ile ya miguu miwili na kofi moja ambayo dunia nzima inaijua, ikifuatiwa na We Are the Champions.

Asili ya wimbo huo ni onesho la Mei 1977 katika ukumbi wa Bingley Hall, Stafford. Bendi ilipomaliza kupiga, watu hawakuondoka wala kupiga makofi tu, wakaanza kuwaimbia wao. Brian May amesimulia mara nyingi kwamba alirudi akijiuliza: mtu aliyebanwa katikati ya umati anaweza kufanya nini? Anaweza kukanyaga chini, kupiga makofi na kuimba. Akaamka na wimbo kichwani.

Na Sheer Heart Attack? Mbona haimo kwenye albamu ya Sheer Heart Attack?

Roger Taylor aliuanza wimbo siku za albamu ile ya 1974 lakini hakuumaliza. Ulitoka miaka mitatu baadaye kwenye albamu ya News of the World. Jina likabaki huku, wimbo ukaenda kule.

Dakika kumi na mbili za Brighton Rock. Nizivumilie vipi?

Usizivumilie, zisikilize kwa kujua kinachofanyika. Humo ndani kuna Roger Taylor akipiga timpani, zile ngoma kubwa za okestra, kisha Brian May anaachwa peke yake jukwaani.

May anapiga kwenye vyombo vya mwangwi wa tepu, alivyovirekebisha vichelewe kuliko kawaida. Anapiga kifungu, kifungu kinarudi baada ya muda mfupi, naye tayari anapiga kingine kinachopatana nacho. Kinarudi mara ya pili, sasa viko vitatu. Kila mwangwi una vikuza sauti vyake, kwa hiyo kwenye spika mbili au vipokea sauti vya masikioni utasikia gitaa la kushoto, la kati na la kulia, na yote ni mtu mmoja kwa wakati mmoja. Ukiteleza noti moja, kosa lako linarudi kukuzomea mara mbili. Anajenga kwaya ya magitaa bila studio, pale pale, watu wakitazama. Nilipolielewa hilo nilirudisha upande wote mwanzo.

Gitaa lenyewe alilitengeneza na baba yake nyumbani kuanzia mwaka 1963. Shingo ilitokana na ubao wa mhogani wa meko kuukuu, na springi za kutetemesha nyuzi zilitoka kwenye pikipiki. Hapigi kwa kipande cha plastiki. Anatumia sarafu ya Kiingereza ya peni sita, na ule ukwaruzo mdogo mwanzoni mwa kila noti ni meno ya sarafu.

Freddie mbona anakwepa noti za juu?

Koo lake lilikuwa na vinundu vilivyomsumbua kwa miaka, na ziara ni usiku baada ya usiku. Alijifunza kuushusha wimbo mahali ambapo studio aliupandisha, na noti za juu kabisa mara nyingi alimwachia Roger Taylor, mwenye koo jembamba la ajabu. Sikiliza mistari anayoibadilisha: haipindi kama mtu anayekimbia, anatunga njia nyingine palepale. Don't Stop Me Now, iliyotoka kama santuri ndogo Januari ya mwaka huohuo, humu imekuwa nzito zaidi kwa kuwa gitaa linapiga wimbo mzima. Kwenye studio gitaa linatokea kwa sehemu ndogo tu. Wapo wanaoiona bora hivi. Mimi kwa huo mmoja nabaki na studio.

Kwenye picha za ziara hii Freddie hana masharubu. Ni yeye?

Ni yeye. Masharubu yalikuja mwaka 1980. Kwenye ziara ya Jazz alivaa ngozi nyeusi. Zile taa nyingi za rangi nyekundu, nyeupe na kijani zilizoning'inia juu yao watu wa jukwaa waliziita tanuri ya piza, kwa sababu ya rangi zake na kwa sababu joto lake lilikuwa la tanuri kweli.

Nyimbo za gitaa kavu zinafanya nini katikati ya kelele zote hizo?

Zinakupumzisha, na humo ndimo kuna utani wa bendi. Katika Dreamers Ball, Brian na Roger wanaigiza tarumbeta kwa midomo. '39 nayo inasikika kama wimbo wa mabaharia wanaorudi nyumbani, lakini mabaharia hao walisafiri angani, wakarudi wakakuta watoto wao wamezeeka huku wao wana mwaka mmoja tu wa ziada. Brian May alikuwa msomi wa fizikia ya nyota, na kisa hicho kimekaa sawasawa na nadharia ya Einstein kuhusu muda. Sijui wimbo mwingine unaoweza kuchezwa na watoto kwa kupiga makofi huku ukiwa na huzuni ya namna hiyo ndani.

Nianzie wapi kama sijawahi kusikia albamu ya jukwaani ya roki?

Anza upande wa pili: Now I'm Here, Dreamers Ball, Love of My Life, '39, Keep Yourself Alive. Nyimbo tano, na bendi yote utakuwa umeiona, kelele zake na upole wake. Kisha rudi mwanzo uisikilize yote kwa mpangilio wake, kwa sauti ya juu kidogo kuliko majirani wanavyopenda.

Mimi niliianza kwa kaseti ya kunakiliwa, ya dakika 90. Albamu inajaa kaseti ya namna hiyo pomoni, na mwisho wa Keep Yourself Alive ulikuwa umekatwa kwa kukosa nafasi. Nilikaa miaka nikiamini wimbo unaishia pale.

Kuna albamu nyingine za jukwaani za Queen. Hii ina nini zaidi?

Zipo nzuri. Queen Rock Montreal, ya maonesho ya Novemba 1981, ina sauti safi zaidi. Live at Wembley '86 ina uwanja mzima na Freddie akiwa kama mfalme. Ile ya ukumbi wa Rainbow, London, ya 1974, iliyotolewa rasmi mwaka 2014, ina njaa ya ujana. Live Magic ya 1986 imekatwakatwa mno, ipite tu.

Tofauti ya Live Killers ni kwamba wenyewe waliichagua ikiwa ya moto, miezi michache tu baada ya maonesho, kabla hawajajua wangekuwa nani kesho. Nyingine nyingi zilitoka kabatini miaka mingi baadaye.

Kwa nini inamalizika na wimbo wa taifa wa Uingereza?

Ni desturi yao ya kila usiku. We Are the Champions ikiisha, wanne wanainama kuaga, na tepu ya God Save the Queen inapigwa, mpangilio wa magitaa matupu aliotengeneza Brian May kwa ajili ya albamu ya A Night at the Opera. Jina la bendi lilikwishawapa ruhusa.

Lakini fikiria ni nani aliyekuwa akiinama pale mbele. Farrokh Bulsara alizaliwa chini ya bendera iliyosimamiwa na wimbo huo, baba yake akihesabu fedha za mahakama ya serikali hiyo, na akaondoka kisiwani miezi michache tu baada ya Uingereza kushusha bendera yake Unguja Desemba 1963. Sasa wimbo huohuo unalia kwa gitaa la ubao wa meko, Malkia anayetajwa amekuwa jina la bendi, na Wajerumani na Wafaransa ndio wanaoupigia makofi. Gitaa linafika noti ya mwisho na linanyamaza. Makofi yanaendelea kwa muda, na hapo upande wa nne unakwisha.